Splita ya Gari la Mbio: Kuikata, Kuifunga na Kuipima

Splita ni bamba pana linalofungwa chini ya bampa ya mbele ya gari la mbio, likalala sambamba na lami na kutokeza mbele ya bampa kwa sentimita chache. Kazi yake ni kuigandamiza pua ya gari kadiri mwendo unavyopanda, ili tairi za mbele zishike barabara kwenye kona na wakati wa breki kali. Kwa thamani ya fedha, ni vigumu kupata kifaa kingine cha hewa kinachoishinda: karatasi ya plaiwudi, vipande vya skwea paipu, bolti, na fundi mwenye subira ya kupima. Gereji yoyote ya pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Kibamba kando ya Barabara ya Morogoro, ina seremala upande mmoja, mchomelea mageti upande wa pili na duka la vifaa vya ujenzi katikati. Hao watatu wanatosha. Kinachopungua mara nyingi ni kuelewa splita inabeba nini, na inapaswa kuubebesha nani mzigo huo.

Gari likienda kasi, hewa inayokutana na uso wake hurundikana mbele ya bampa na shinikizo lake hupanda. Sehemu yake hupita juu ya boneti, nyingine hupita ubavuni, na iliyobaki hutafuta njia ya chini. Hiyo ya chini ndiyo yenye matata. Ikiingia kwa wingi hugonga sampu, mikono ya sasipensheni na bomba la ekzosi, huvurugika, na mwisho wake hulinyanyua gari. Splita huikata hewa hiyo mapema. Iliyorundikana juu yake hulikandamiza bamba. Ile kidogo inayopenya chini hubanwa kwenye uwazi mwembamba kati ya bamba na lami, hulazimika kukimbia zaidi, na hewa iendayo mbio hushuka shinikizo. Daniel Bernoulli aliieleza kanuni hiyo kwa maji katika kitabu chake Hydrodynamica cha mwaka 1738, na hewa ya mwendo wa magari hufuata kanuni ileile.

Wengi huamini kwamba kazi yote hufanywa na ule ukingo unaotokeza mbele, kwa kuwa ndio unaoonekana. Hesabu ndogo inaonyesha vingine. Hewa ya pwani kwenye joto la nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi kwa mita ya ujazo. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, shinikizo ambalo hewa hiyo hulitoa inaposimamishwa kabisa ni kama nyutoni 1,150 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 117. Splita yenye upana wa mita 1.7 na ukingo wa sentimita 8 ina eneo la mita za mraba 0.136 tu mbele ya bampa. Hata ukingo huo ukipata shinikizo lote, mgandamizo wake ni kilo 16. Lakini bamba halikomei kwenye bampa. Huingia ndani, chini ya rejeta na mbele ya injini, mpaka urefu wake kutoka mbele kwenda nyuma ufike sentimita 60. Hapo eneo la chini linakuwa mita moja ya mraba, na shinikizo la chini likipungua kwa wastani wa asilimia 40 tu ya zile nyutoni 1,150, bamba huvutwa chini kwa karibu kilo 48. Jumla ni kilo 64, na robo tatu ya hizo imetoka mahali ambapo hakuna mtu anayepiga picha. Ndiyo maana midomo ya plastiki inayouzwa kama pambo, yenye ukingo mbele na utupu nyuma, hubadilisha sura ya gari kuliko mwenendo wake.

Mgandamizo hupanda kwa mraba wa mwendo. Zile kilo 64 za kilomita 160 hubaki 16 kwa kilomita 80, na 4 kwa kilomita 40. Mwinuko nao unahesabiwa. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Splita ileile, kwa mwendo uleule, hupoteza huko sehemu moja ya sita ya nguvu yake.

Mchezo wa magari wa Afrika Mashariki ulikulia kwenye vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilichezwa Naivasha, kwenye mchanga laini na mawe. Rali za Tanzania, pamoja na zile za Iringa, ni za barabara za udongo vilevile. Kwenye njia hizo splita ni mzigo mtupu: gari huinuliwa juu, pua hutua kwenye matuta, na kinachohitajika chini ya injini ni sampu gadi nene. Splita ni ya lami tambarare. Mahali pake ni viwanja kama Kyalami nchini Afrika Kusini, Dubai Autodrome iliyofunguliwa mwaka 2004, au Yas Marina ya Abu Dhabi iliyofuata mwaka 2009. BMW M4 aliyoendesha Mwomani Ahmad Al Harthy katika mbio za dunia za masafa marefu mwaka 2024, pamoja na Valentino Rossi na Maxime Martin, ilikuwa na splita pana ya kiwandani. Mwenye gari wa Dar es Salaam anayejenga kwa ajili ya mbio za muda kwenye lami iliyofungwa anafuata kanuni zilezile kwa vifaa vya duka la ujenzi.

Nguvu ya kipande hiki kidogo ilionekana wazi Uingereza mwaka 1994. Alfa Romeo walileta kwenye ubingwa wa magari ya kawaida 155 iliyokuwa na splita ya kusogezwa mbele na bawa la nyuma, vyote vikiwa vimehalalishwa kupitia toleo maalumu la gari la barabarani. Wapinzani wao walikuwa hawana kitu cha aina hiyo. Baada ya ushindi wa mfululizo yalikuja malalamiko, Alfa wakaamriwa wairudishe splita ndani, wakagoma na kuondoka kwenye mashindano ya Oulton Park kabla ya kurejea. Gabriele Tarquini alitwaa ubingwa mwaka huohuo, na msimu uliofuata kanuni zikaruhusu kila timu kufunga vifaa vya namna hiyo.

Kwa mfano wa kufanyia kazi, Toyota Altezza inafaa sana. Ni gari linaloonekana kila siku Dar es Salaam, linasukumwa na tairi za nyuma, na umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.67. Vipimo vya magari mengine hutofautiana, lakini mpangilio ni uleule.

Malighafi ya kwanza kufikiriwa ni plaiwudi ya marine ya milimita 12, ile yenye ngozi ya kahawia au nyeusi ambayo mafundi ujenzi huifungia zege. Gundi yake haiogopi maji, na tabaka zake zilizopishana huipa ugumu pande zote mbili. Karatasi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande viwili vya mita 1.7 kwa sentimita 60, na cha pili huwekwa akiba, kwa sababu splita ni kitu cha kuvunjika. Kipande kimoja huwa na uzito wa kilo 8 hivi. Kushuka kwenda milimita 9 kunashawishi, lakini ugumu wa bamba hufuata unene wake mara tatu kwa kuzidishwa: bamba la milimita 12 ni gumu mara 2.4 kuliko la milimita 9. Alukobondi, zile za kufunikia mbele ya maduka, ni nyepesi na hazinywi maji, ila zenyewe hupinda na lazima ziwekewe mbavu za alumini. Karatasi ya chuma ya milimita 2 ni nzito karibu mara mbili ya plaiwudi hiyo, na ikigonga ukingo wa uwanja haivunjiki, hujikunja na kuvuta kila kilichofungwa nayo. Faiba ya kaboni ni bora kuliko vyote na haina haja ya kujadiliwa na mtu anayenunua tairi kwa kudunduliza. MDF isiguswe kabisa. Masika moja tu na inaumuka.

Kazi huanza kwa sakafu, kabla ya mbao. Gari husimama mahali pa tambarare, tairi zikiwa na upepo wa siku ya mbio na dereva au uzito wake ukiwa ndani, kwa sababu urefu wa pua hutegemea vyote hivyo. Maboksi ya friji yaliyofunguliwa hutandikwa chini ya bampa. Kisha timazi la mwashi huteremshwa kutoka kwenye ukingo wa bampa, kila baada ya sentimita 10, na ncha yake inapogusa boksi panatiwa alama. Alama hizo zikiunganishwa hutoa kivuli halisi cha bampa chini, pamoja na mipindo ambayo jicho huikosea. Mbele ya mstari huo huongezwa sentimita 5 hadi 8. Zaidi ya 10 ni kujitafutia balaa, kwani ukingo mrefu hugonga mapema, huhitaji viungo vingi vya kuushikilia, na mashindano mengi huwa na kikomo chake. Nyuma, mchoro huendelea mpaka karibu na ekseli ya mbele, ukiacha nafasi ya tairi zinapokata kona mpaka mwisho wa usukani, sasipensheni ikiwa imebonyea. Nafasi hiyo hupimwa kwa kuukata usukani kabisa upande mmoja na kisha upande wa pili, kukisia hakutoshi.

Boksi likishakubali, mchoro huhamishiwa kwenye plaiwudi. Utepe wa karatasi hubandikwa juu ya mstari kabla ya kukata kwa jigsoo yenye meno madogo, la sivyo ngozi ya juu hupasuka. Ukingo wa mbele huviringishwa kwa upande wa chini kwa tupa na msasa, karibu unene wote wa ubao, ili hewa igeuke taratibu inapoingia chini. Ukingo mkali kwa chini huichana hewa na kuacha povu la msukosuko hapohapo inapotakiwa kukimbia. Upande wa juu hubaki na kona yake. Ukingo wa nyuma, mbele ya tairi, ukipandishwa kwa nyuzi 7 hadi 10 kwa kipande cha alukobondi, hewa hupata pa kutokea na mvuto wa chini huongezeka. Wasio na muda huiacha nyuma ikiwa bapa, na splita bado hufanya kazi.

Maji huingia kwenye plaiwudi kupitia kingo na matundu, si kupitia uso. Kingo zote hupakwa resini ya epoksi mara mbili au tatu, ya kwanza ikiwa nyepesi ili inywewe. Kwa matundu ya bolti hutumika njia ya watengeneza mashua: tundu hutobolewa kubwa kuliko bolti, hujazwa epoksi, na ikikauka hutobolewa tena kwa kipimo cha bolti. Bolti hukaa ndani ya pete ya epoksi, na mbao haiguswi na maji wala haisagwi na mtikisiko.

Sasa kufunga, na hapa ndipo splita nyingi za nyumbani hufia. Bampa ya gari la kisasa ni ganda la plastiki linaloshikwa na klipu na skrubu ndogo. Kulifungia mzigo wa kilo 64 unaotikisika ni kulitafutia bampa njia ya kwenda chini ya tairi. Mzigo lazima uende kwenye chuma cha gari: boriti iliyo nyuma ya ganda la bampa, miguu ya chesisi inayoibeba boriti hiyo, na krosimemba iliyo chini ya injini. Splita haipaswi kuning'inia kwenye plastiki hata kidogo. Plastiki huikalia tu.

Mpangilio unaofaa una mistari mitatu. Wa nyuma uko kwenye krosimemba, kwa vipande viwili au vitatu vya flati baa vilivyotobolewa na kufungwa kwa bolti za M8 za daraja la 8.8. Mstari huu unafanya kazi ya bawaba: huzuia bamba lisirudi nyuma wala kusogea pembeni, lakini huliacha lizunguke kidogo kwenda juu na chini. Wa katikati ni miguu miwili ya skwea paipu inayoteremka kutoka kwenye boriti ya bampa, mmoja kila upande, karibu na pale boriti inapokutana na miguu ya chesisi. Hii ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mgandamizo. Chini ya kila mguu huchomelewa bamba la chuma la upana wa kiganja, na chini ya plaiwudi huwekwa flati baa au washa pana, ili bolti isilitoboe bamba na kubaki peke yake hewani. Vichwa vya bolti upande wa chini huzamishwa ndani ya ubao, kwani ndio huguswa na lami kwanza. Nati ziwe za nailoni zisizolegea. Nati ya kawaida kwenye splita haimalizi mizunguko mitano.

Mstari wa tatu ni vishikio vya mbele, vile vinavyoonekana vikitoka kwenye shoo na kushuka hadi kwenye ukingo. Kuna wanaotumia fimbo zenye nyuzi pande mbili na vichwa vya duara kama vya tairodi, zinazorefushwa na kufupishwa kwa kuzungushwa. Wengine hutumia waya wa chuma. Fimbo hukaza pande zote, juu na chini, lakini splita ikigonga ukingo wa uwanja fimbo husukuma nyuma na kutoboa shoo au rejeta. Waya huvuta tu. Ukingo ukigongwa kutoka chini, waya hulegea, bamba huinuka, kisha hurudi mahali pake. Pale ambapo miguu ya katikati imejengwa imara, waya mbili au nne zinatosha na ndizo salama zaidi. Kwa vyovyote, kishikio kisimame karibu na wima iwezekanavyo. Kikilazwa mpaka kibakize nyuzi 30 kutoka kwenye usawa wa lami, mvuto ndani yake huwa mara mbili ya mzigo kinaoubeba.

Boriti ya bampa haikatwi wala haichomelewi ovyo. Imewekwa hapo ili ikunjike kwenye ajali, na sensa za eabegi za mbele hutegemea namna chuma cha mbele kinavyopokea pigo. Miguu ya splita hufungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo au kwa vibano vinavyoikumbatia boriti. Bolti za kuunganisha miguu na plaiwudi huweza kuwa za M6, kwa makusudi, ziwe ndizo za kwanza kukatika: bora splita itoke nzima kuliko kuing'oa boriti. Ndoano ya kuvutia gari nayo ibaki wazi, kwa sababu gari lililokwama kwenye mchanga wa pembeni mwa uwanja huvutwa na watu wasio na muda wa kufungua bampa.

Kabla ya kwenda popote, splita hujaribiwa kwa mifuko ya saruji. Mifuko miwili ya kilo 50 ikilazwa kwenye ukingo wa mbele, kilo 100 hizo zinazidi mgandamizo uliohesabiwa kwa nusu na zaidi, tena zikiwa mahali pabaya kuliko pote. Ukingo ukishuka milimita chache na kurudi, kazi ni njema. Ukishuka sentimita, kuna kishikio kinachodanganya, na mara nyingi ni boriti yenyewe inayojisokota kwa sababu miguu imefungwa mbali na chesisi.

Kati ya splita na bampa mara nyingi hubaki mwanya, hasa kwenye magari kama Altezza ambayo bampa yake imepinda juu pembeni. Mwanya huo unaharibu nusu ya kazi. Hewa yenye shinikizo kubwa huvuja kupitia hapo, huingia nyuma ya bampa na kuchanganyika na ile ya chini. Huzibwa kwa ukuta wa wima wa alukobondi au plastiki ngumu, uliokunjwa kufuata mpindo na kuungwa na splita kwa pembe ndogo za alumini, huku juu ukibanwa kwenye bampa kwa mpira wa milango ya gari. Ukuta usiwe mgumu mno kwa juu. Bampa na splita hazitikisiki pamoja.

Joto ni jambo la pekee kwa pwani. Bamba kubwa chini ya rejeta hufunga njia ambayo hewa ya moto ilizoea kutokea. Kwenye nyuzi 32 za Dar es Salaam, gari lililokuwa likipoa vizuri huanza kuchemka baada ya mizunguko michache. Dawa yake ina sehemu mbili: kuziba pembeni mwa rejeta ili hewa yote iingiayo kwenye shoo ipite ndani yake, na kufungua matundu kwenye boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ambako shinikizo la nje ni dogo. Matundu hayo huipa hewa ya moto pa kutokea, na kwa kuipunguza chini ya injini, huiongezea splita nguvu.

Urefu kutoka kwenye lami ndio unaoamua mengine yote. Kwa gari lenye sasipensheni ya barabarani iliyokazwa kiasi, sentimita 8 hadi 10 gari likiwa limesimama ni mwanzo mzuri. Kushusha zaidi huongeza mvuto, lakini kuna kikomo: wakati wa breki kali pua huzama sentimita kadhaa, na uwazi ukiwa mwembamba mno hewa hushindwa kupita, mvuto hukatika ghafla, na dereva huzipoteza tairi za mbele papo hapo anapozihitaji. Mteremko huwekwa kwa pima maji: bamba liwe sawa, au mbele pawe chini kuliko nyuma kwa nusu nyuzi hadi moja. Likielekea juu mbele, hata kidogo, litaanza kulinyanyua gari. Chini ya ukingo hufungwa vipande viwili au vitatu vya plastiki nyeupe, ileile ya vibao vya kukatia mboga, ili viliwe na lami badala ya ubao.

Splita ya mbele bila chochote nyuma ni hatari, na hili halisemwi vya kutosha. Mgandamizo wake uko mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo gari hufanya kazi ya mzani. Kwa Altezza, kilo 64 zikiwa zimekaa sentimita 55 mbele ya ekseli huongeza mzigo wa tairi za mbele kwa kilo 77 na kuzipunguzia za nyuma kilo 13. Kwenye kona ya polepole dereva hafurahii wala hahuzuniki. Kwenye kona ya kilomita 160 kwa saa, gari linalosukumwa na tairi za nyuma, zikiwa zimepunguziwa uzito, huanza kutupa mkia. Spoila au bawa la nyuma hufungwa sambamba na splita, na kama bajeti inaruhusu kimoja tu, kianze cha nyuma.

Kupima hakuhitaji maabara. Zip tai ndogo hufungwa kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele na kusukumwa mpaka iguse mwili wa shokapu. Gari likienda kwa mwendo uleule kwenye njia iliyonyooka, bila breki, na splita na bila splita, tofauti ya mahali zip tai iliposimama inaonyesha pua imeshuka kiasi gani. Nyuzi fupi za sufu zilizobandikwa juu ya ukingo na kwenye ukuta wake, zikipigwa picha na simu kutoka gari jingine, huonyesha hewa inakopita: zinazolala zimepata mkondo, zinazochezacheza ziko kwenye msukosuko. Mahali zinapochezacheza kwenye kona za bampa ndipo panapohitaji kingo fupi za wima, sentimita 5 hivi, za kuizuia hewa ya juu isimwagike pembeni na kuingia chini.

Splita haikai kwenye gari barabarani. Ukingo mgumu kwenye usawa wa muundi wa mtembea kwa miguu si wa kupitisha Mbezi Mwisho saa za watu, na matuta ya barabara za mitaa yataimaliza kabla ya uwanja. Hivyo miguu ya katikati hutengenezwa na pini za kuchomoa haraka, waya huwekwa ndoano, na bamba husafiri juu ya keria au ndani ya gari la huduma.

Kila baada ya mzunguko wa mazoezi, fundi hulala chini na kuangalia. Kwenye kila nati iliyokazwa huchorwa mstari wa rangi unaoendelea mpaka kwenye chuma. Mstari uliokatika unaonyesha nati iliyozunguka. Vipande vya kukwaruzwa hubadilishwa vikiwa vimebaki nusu. Plaiwudi hugongwa kwa mpini wa spana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: nzima hutoa mlio mkavu, na penye sauti butu tabaka zimeachana au maji yameingia. Bamba la namna hiyo haliungwi. Kipande cha akiba huwekwa juu yake, hukatwa kwa mstari wake, na matundu huhamishwa moja moja.